Umegonga miaka 18, karo ya chuo sasa ni ya nani?

Mwezi niliofikisha miaka 18, pesa ya baba ilikuja nusu.

Tangu nikiwa darasa la nne, kila tarehe tano, simu ya mamangu ilikuwa inalia mlio ule wa M-Pesa na sisi watoto tunatazamana. Ya baba imeingia. Sh5,000. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa na siku yake na haikuwahi kuchelewa. Sasa mwezi huo ikaingia Sh2,500. Mama akadhani ni kosa la mtandao. Tarehe kumi akaniambia nimpigie mwenyewe nimuulize.

Nikampigia. Alikuwa Kizingitini, nyuma yake nasikia upepo na watu wakivuta chombo. Akaniambia, tena bila hasira, kama mtu anayenipongeza: "Hiyo ni ya mdogo wako. Wewe mwanangu sasa ni mtu mzima. Niliambiwa nilishe watoto, sikuambiwa nilishe wanaume."

Nilikuwa kidato cha nne. Hiyo simu niliipiga nikiwa na sare ya shule.

Nakuandikia wewe ambaye una miaka 17 na nusu na wazazi wako hawaishi nyumba moja. Au una 19, uko chuo, na kila ukituma ujumbe "Baba, karo" unapata tiki mbili za bluu na kimya. Au labda wewe ndiye mama, umekopa simu ya mwanao kusoma hii. Karibuni wote. Mimi si wakili. Mimi ni msee wa saiba hapa Mombasa, mzaliwa wa Langoni, Lamu, niliyeacha chuo mwaka wa pili. Ninachokijua kuhusu hili nimekijua kwa kuchelewa, na ndiyo maana nakuambia mapema.

Chuo chenyewe sikitaji. Hakikunikosea kitu, kilitaka karo yake tu. Nilikuwa nasomea stashahada ya teknolojia ya habari. Muhula wa kwanza mama alilipa kwa pesa za kuuza mikate ya mofa na sambusa, wa pili akauza bangili, wa tatu mjomba akachangia. Kisha ikaja korona Machi 2020, shule zikafungwa, na zilipofunguliwa sikuwa na cha kurudi nacho. Watu huuliza "uliacha chuo kwa nini?" kama vile kuna hadithi kubwa. Hakuna. Pesa zilikwisha.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ile hesabu ya babangu, ya 18 na basi, ilikuwa nusu ya hesabu.

Hii nusu ya pili niliipata kazini. Saiba yetu iko karibu na ofisi za mawakili, kwa hivyo tunachapa kila aina ya karatasi, kuanzia hati za kiapo na barua za chifu hadi mikataba ya kununua tuktuk. Siku moja mama mmoja akaleta karatasi za mahakama ya watoto zilizoandikwa kwa mkono nimchapie. Nikachapa ukurasa wa kwanza, wa pili, nikafika mahali pameandikwa kwamba mtoto anayeombewa matunzo ana miaka 19 na yuko mwaka wa kwanza chuoni. Nikasimamisha vidole. Nikamuuliza, "Mama, hapa si umekosea? Huyu si mtoto tena." Akacheka. "Kijana, chapa tu. Wakili anajua anachofanya."

Nilipomaliza kumchapia nikafungua intaneti nikaanza kusoma. Nilisoma mpaka bosi akanikumbusha kwamba mashine ni ya wateja.

Haya basi, sikiliza. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inasema mama na baba wanabeba jukumu hilo sawasawa, wawe wameoana au hawajaoana. Kifungu cha 260 kinaeleza mtoto ni nani: yule ambaye hajafikisha miaka 18. Ukiunganisha hivyo viwili unapata maneno ya babangu kwenye simu. Hakunidanganya. Jukumu la kawaida la mzazi kisheria linakoma siku hiyo.

Lakini kuna Sheria ya Watoto. Ile ya zamani, ya 2001, kifungu cha 28, iliipa mahakama nguvu ya kurefusha jukumu la mzazi kupita siku ya kuzaliwa ya 18 kama kuna hali maalumu inayohusu ustawi wa mtoto. Ombi linaweza kupelekwa na mzazi, ndugu, mtu mwenye jukumu la kumlea, mkurugenzi wa idara ya watoto, na, soma hapa mara mbili, mtoto mwenyewe. Na ombi linaweza kupelekwa hata baada ya kutimiza 18. Sheria mpya ya 2022, iliyoanza kutumika Julai 26, 2022, iliifuta ile ya zamani lakini mlango huu haikuufunga. Sababu ambazo sheria hizi zinazifikiria ni zile unazoweza kuzikisia mwenyewe: masomo au mafunzo yanayoendelea kupita umri huo, ulemavu, au maradhi yanayohitaji matunzo.

Kwa hivyo mwaka ule, nikiwa na sare yangu ya kidato cha nne, nilikuwa na haki ya kwenda mahakama ya Lamu na kusema: naomba. Si kwamba ningepewa. Ila ningesikizwa. Hakuna aliyeniambia, si mwalimu, si chifu, si yeyote. Baba naye, naamini, hakujua.

Usisome hapo ukadhani chuo ni tiketi. Neno ni "hali maalumu", na hakimu ndiye anayeamua kama yako ni maalumu. Atataka kujua unasoma nini, wapi, kwa muda gani, na kama unasoma kweli au umejificha chuoni. Atatazama mapato ya baba. Atatazama mapato ya mama pia, na hapa ndipo kina mama wengi hushtuka, maana wanaingia wakidhani kesi ni ya baba peke yake. Katiba ilisema sawasawa. Sawasawa haimaanishi nusu kwa nusu kwenye kila shilingi, mwenye kipato kikubwa anaweza kubebeshwa zaidi, lakini haimaanishi pia kwamba mmoja anakaa kando. Atatazama watu wengine wanaomtegemea huyo mzazi. Na atatazama kama kuna mkopo au ufadhili umepata, kwa sababu karo iliyolipwa na mwingine huwezi kuidai tena kwa baba.

Mkopo. Hapo ndipo kuna kitu kinachonikera mpaka leo, na nakiona kila msimu wa maombi ukifika saiba ikajaa vijana.

Ukijaza ombi la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, au lile la ufadhili wa serikali, fomu inakuuliza kuhusu wazazi wako wote wawili. Wanaishi wapi, wanafanya kazi gani, wanapata ngapi, wamesomesha nani mwingine. Una kitambulisho chako mwenyewe mfukoni, unaweza kupiga kura, unaweza kuoa, lakini kwa serikali ya mikopo wewe ni mtoto wa mtu na uwezo wako unapimwa kwa uwezo wa wazazi. Serikali hiyo hiyo, kwenye mlango wa pili, inamwambia babako kwamba wewe ni mtu mzima na jukumu lake limekwisha.

Ule mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 ulikigeuza kichekesho hiki kuwa tarakimu. Wanafunzi wa vyuo vikuu walipangwa kwenye makundi matano. Kundi la chini kabisa, la wasiojiweza, familia inatakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, iliyobaki ni ufadhili na mkopo. Kundi la tano, la wanaojiweza, familia inalipa asilimia 40. Chukua kozi ya Sh200,000 kwa mwaka. Kundi la kwanza nyumbani mnatafuta Sh10,000. Kundi la tano mnatafuta Sh80,000. Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huo Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa nayo ikasimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata, na vijana wakabaki wanajaza fomu zile zile.

Sasa fikiria baba yuko Nairobi au Mombasa na mshahara mzuri, mama yuko Pate anasuka makuti. Umejaza ukweli, mapato ya baba yakaingia kwenye hesabu, ukapangwa kundi la juu. Karatasi inasema "mchango wa familia". Familia ipi? Baba amekwisha kukutoa kwenye orodha yake siku ya keki. Nimewaona wakikaa pale kwenye kiti cha plastiki wakiniuliza, "Bro, hapa kwa baba niandike nini?" Wengine huandika amefariki. Nawaambia wasifanye hivyo, kwanza ni uongo kwenye karatasi ya serikali, pili wataombwa cheti cha kifo. Lakini naelewa kwa nini mkono unaenda huko.

Kama unaishi na mzazi mmoja na yule mwingine hachangii chochote, sema hivyo na utafute ushahidi wake: barua ya chifu, hati ya kiapo, amri ya mahakama kama ipo. Na hapa amri ya kurefusha jukumu inakuwa na faida mbili. Ama baba analipa ule mchango wa familia, ama una karatasi inayoonyesha ulijaribu.

Turudi kwetu Lamu, maana haya mambo ya tarakimu hayafanani na maisha ya visiwani.

Kwetu talaka nyingi huishia kwa Kadhi, na wazazi wangu hivyo hivyo. Kadhi aliandika nafaka. Wewe wa bara ukisikia nafaka usifikirie magunia ya mahindi. Ni matumizi anayowajibika mtu kwa mke na watoto wake, chakula, nguo, makazi. Dini haikuacha jambo hili hewani. Kila mtoto wa madrasa amesikia kisa cha Hind binti Utba, aliyemshtakia Mtume kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, akaruhusiwa kuchukua kwenye mali yake kiasi kinachomtosha yeye na watoto wake, kwa wema. Tatizo ni pale mtoto anapobaleghe. Nilimuuliza ustadh mmoja wa kwetu, nikiwa na hasira zangu. Akaniambia kwa mtazamo wa Kishafi, ambao ndio wetu pwani, mtoto wa kiume aliyebaleghe na ana nguvu za kujitafutia hana madai ya lazima kwa babake. Nikainamisha kichwa. Kisha akaongeza: ila wapo wanazuoni wanaosema mwanafunzi aliyeshughulishwa na elimu ni kama asiyeweza kujitafutia, na huyo nafaka yake haikatiki.

"Mbona Kadhi hakumwambia baba hayo?" nikamuuliza.

"Mlimuuliza?"

Hatukumuuliza. Wewe uliza.

Ila jua mipaka ya milango. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya Waislamu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na ni pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Matunzo ya watoto hayakutajwa kwa jina, na swali la kama Kadhi ana nguvu juu yake limebishaniwa mahakamani mara nyingi. Ombi la kurefusha jukumu kupita miaka 18 ni jambo la Sheria ya Watoto, na nyumbani kwake ni mahakama ya watoto, yaani hakimu aliyeteuliwa kusikiliza kesi hizo. Kwenda huko si kumkana Kadhi wala dini. Nasema hivi kwa sababu nimesikia kina mama wakitishwa kwamba wakienda kwa hakimu wa serikali wamekufuru. Hapana, mama. Umeenda kuomba karo.

Na kama wazazi wako hawakuoana, usikubali kuambiwa huna baba kisheria. Mei 2016 Mahakama Kuu ilikitupa kifungu cha sheria ya vizazi na vifo kilichokuwa kinazuia jina la baba kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa nje ya ndoa bila baba kukubali. Na Juni 2025 Mahakama ya Upeo iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo tu. Uamuzi huo umezua maneno mengi misikitini na vibarazani, na sitauingilia hapa. Nautaja ujue tu upepo wa mahakama unavuma wapi.

Kitu kigumu kuliko sheria ni aibu. Lamu mjini ukienda mahakamani asubuhi, kufika adhuhuri Mkomani wamejua, alasiri Shela wamejua, magharibi boti ya Faza imebeba habari. "Mtoto wa fulani kamshtaki babake." Nimekua kwenye vichochoro vile, navijua vinavyosikia. Na kesi ina gharama ambazo hazimo kwenye kitabu cha sheria. Mtu wa Kizingitini au Kiwayu akiitwa mahakamani Lamu ni nauli ya boti, na ni siku nzima isiyo na kazi. Kusi ikivuma ni hatari juu ya gharama. Kesi ikiahirishwa mara tatu, mshamaliza pesa ambazo zingelipa nusu muhula.

Halafu uje kwenye swali ambalo wanasheria wa Nairobi huwa hawaliulizi: mvuvi analipwa lini? Amri za matunzo huandikwa kwa mwezi. Kila tarehe tano, kiasi fulani. Bahari haina tarehe tano. Kaskazi, tuseme kuanzia Novemba mpaka Machi, maji yametulia, samaki wapo, kamba wapo, na mnunuzi wa kamba analipa vizuri. Kusi ikianza Aprili mpaka Septemba, kuna wiki nzima vyombo vimevutwa juu na wanaume wanacheza bao. Ukimwandikia mtu huyo Sh8,000 kila mwezi, Julai atakuwa mdaiwa na Agosti ataanza kuzima simu. Si ubaya, ni hali ya hewa.

Mwajiriwa ana karatasi ya mshahara, na mshahara unaweza kukatwa kwa amri ya mahakama. Mvuvi hana karatasi hiyo, lakini si kweli kwamba hana rekodi. Kamati za ufuo, zile tunaziita BMU, huandika samaki wanaoshushwa. Wanunuzi wengi siku hizi wanalipa kwa M-Pesa. Na wewe unazo taarifa za M-Pesa za mama zinazoonyesha baba alikuwa anatuma nini na lini. Ziombe mapema. Za kwetu zilionyesha kitu ambacho sikukitarajia, nitakuambia sasa hivi.

Kuhusu waliokwenda Oman na Saudia, sitakupa matumaini ya bure. Baba aliye Muscat hafikiwi kirahisi na amri ya Lamu. Hapo wazee, ami zake, na simu ya video mbele ya bibi hufanya kazi kuliko barua ya mahakama.

Kama unadhani Kenya peke yake ndiyo imekwama hapa, dunia nzima inavutana. Scotland, tangu sheria yao ya 1985, mzazi anaweza kudaiwa matunzo ya mtoto mpaka miaka 25 akiwa bado anasoma. Marekani inategemea jimbo. Illinois mahakama inaweza kuwaamuru wazazi walioachana walipie chuo. Pennsylvania walikuwa na sheria kama hiyo, Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitupa 1995, kwa hoja kwamba wazazi wanaoishi pamoja hawalazimishwi na sheria kulipia chuo, kwa nini walioachana walazimishwe? Hoja hii inauma kwa sababu ina mantiki. Tanzania, kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama inaweza kuiendeleza amri ya matunzo baada ya 18 kama mtoto anaendelea na masomo.

Ile hoja ya Pennsylvania niliifikiria sana. Jibu langu, la mtu asiye na digrii: wazazi wanaokaa pamoja wakikataa kukulipia, angalau unalala kwao na unakula kwao. Kwetu, baba alipotoka kwenye hesabu, hakutoka na sahani yake tu.

Sasa mdogo wangu. Ndiye sababu naandika.

Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapita vizuri kuliko nilivyopita mimi, ameomba uuguzi kupitia KUCCPS. Agosti 14 anafikisha 18. Nilianza kuhesabu siku kabla yake. Mama alitaka twende mahakamani moja kwa moja, miaka hii yote imemkaa kooni. Mdogo wangu akalia, akasema hataki kuwa msichana aliyemshtaki babake. Nikasema basi nipeni nafasi nimwone kwanza.

Nilipanda basi usiku Mombasa, asubuhi niko Mokowe, boti mpaka Lamu, na siku iliyofuata Kizingitini. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa na Kifungu cha 53 kichwani. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli anashona jarife, miwani imefungwa uzi sikio moja. Nyumba ya pili ina watoto watano, mdogo kabisa alikuwa anatambaa juu ya miguu yake.

Nikaanza kumsomea. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Miaka tisa nilikutumia. Kusi na kaskazi. Kuna mwezi niliruka?"

Hakuna. Nilikuwa na taarifa za M-Pesa kwenye bahasha na nilikuwa nimezikagua zote, zile ambazo bado zingeweza kupatikana. Hakuna mwezi alioruka. Kuna miezi ya Julai ambayo nilijua, kwa sababu nimekua pwani, kwamba pesa ile haikutoka baharini. Ilikuwa deni. Alikopa kwa tajiri wa kamba ili tarehe tano isipite.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ni rahisi kupigana na baba mbaya. Babangu si mbaya, aliambiwa mpaka uko hapa na akatembea mpaka pale bila kukosea hatua, na mimi nikaanguka hatua moja mbele ya mpaka.

Nikamwambia kuhusu makubaliano. Sheria inawaruhusu wazazi kuandikiana makubaliano ya jukumu la malezi bila kesi, na afisa wa watoto anaweza kuwasaidia kuyaandaa. Mahakama pia hupenda kuwapeleka watu kwenye upatanishi kabla ya kuwasikiliza wakirushiana maneno. Nikamwambia si lazima iwe kila mwezi. Tunaweza kuandika kwa misimu: afungue mkono mara mbili, Desemba na Machi, bahari ikiwa nzuri, na miezi ya kusi asidaiwe hata shilingi. Sh30,000 na Sh30,000. Mama naye anaandikwa sehemu yake, chakula na nauli. Mkopo ukija, hesabu inapunguzwa. Akifeli au akiacha chuo, makubaliano yanakoma.

Akauliza maswali, tena ya maana kuliko niliyokuwa nimeyafikiria. Chombo kikizama? Tukaandika. Akiolewa katikati ya masomo? Tukabishana, kisha tukaandika kwamba masomo yakiendelea pesa inaendelea, hata kama ana mume. Na hawa watano, wakifika huko? Hapo sikuwa na jibu. Nikamwambia kila mmoja ana haki yake. Akasema, "Haki ni zao wote, mikono ni yangu miwili."

Kisha akaniuliza kama hiyo karatasi inanihusu mimi pia. Nikamwambia nina miaka 25, hapana. Akarudi kwenye jarife lake. Tulikaa muda mrefu bila kuzungumza, mpaka mtoto akaanza kulia na mkewe akaja kumchukua.

Hakutia sahihi siku ile. Alisema anataka kumsomea nduguye kwanza, ami yangu, na mimi sioni ubaya, karatasi inayosainiwa haraka hurarukwa haraka. Lakini nilimwambia tarehe. Nilimwambia bila kumtisha kwamba ikifika mwisho wa Julai bila sahihi, mama atapeleka ombi mahakamani Lamu, na kwamba tunapeleka kabla ya siku ya kuzaliwa si kwa sababu baada yake haiwezekani, ila kwa sababu ni rahisi zaidi kurefusha kitu ambacho hakijakatika.

Kama uko kwenye hali hii, usiulize mtu wa saiba peke yake. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti yako, ofisi ile ni ya bure. Nambari 116 ni ya simu ya watoto na hailipiwi. Muhuri wako Mombasa, Kituo cha Sheria pia wana ofisi huko, wote wanashughulika na msaada wa sheria kwa wasioweza kulipa wakili. Beba cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo, karatasi ya karo, karatasi ya talaka kama ipo. Na mpigie mzazi wako kwanza, hata kama unajua atakachosema.

Karatasi bado iko Kizingitini. Leo ni siku ya 11. Jana ami alinipigia akaniuliza neno moja kwenye ukurasa wa pili lina maana gani, nikamweleza, akasema sawa, akakata. Faili ya mama iko chini ya godoro Langoni ikiwa na kila kitu ndani isipokuwa barua ya chuo, ambayo tunaingoja. Tarehe tano ya mwezi huu Sh2,500 iliingia, saa mbili asubuhi.